Mtoto Awe Mkubwa Kiasi Gani Ndipo Umpeleke Disney? Mambo Manane Niliyojifunza

Kila shule za nyumbani zinapokaribia kufungwa, simu yangu haitulii. Tunaishi Tampa, Florida, kama kilomita 120 kutoka Walt Disney World, na kwa ndugu walioko Dar, Tanga na Mombasa hiyo inatosha kunifanya mtaalamu. Swali ni lile lile: "Wifi, mtoto ana miezi kumi, tuje naye au tungoje?" Mwingine mtoto wake ana miaka miwili na nusu, anataka kuwahi kabla hajaanza kulipiwa. Mwingine ameshaambiwa na mama yake mzazi kwamba ni wazimu kumpeleka mtoto wa kunyonya kwenye umati na kelele zile.

Nimekwenda huko na watoto wangu wawili, tangu wakiwa wa kubebwa mpaka sasa wanaponikimbia. Nimekwenda na wageni pia, wenye watoto wa kila umri. Walt Disney World si bustani moja. Ziko nne za burudani, kila moja na lango na tiketi yake: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, Epcot ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Ukubwa wa mahali penyewe ni sehemu ya jibu, kama utakavyoona.

1. Jua kwanza safari ni ya nani

Watu wazima wengi wakiulizwa kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, hutaja jambo la umri wa miaka mitatu au minne. Kabla ya hapo ni picha na hadithi za wazazi. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja hatakumbuka kasri wala gwaride, hilo lisikusumbue.

Wapo wanaosema basi ni kupoteza pesa. Mimi sisemi hivyo. Bibi aliyetoka Tanga kuja kumwona mjukuu ana haki ya kupiga naye picha mbele ya lile kasri, na siku nzuri ya familia ni siku nzuri hata kama mmoja wao ataisahau. Ila tuitaje kwa jina lake: ni safari ya wazazi, mtoto anasindikiza. Ukishalikubali hilo, hutamkokota kutoka mchezo hadi mchezo ukidhani unamfurahisha. Kifunguamimba wangu alipokuwa anajifunza kutembea, hakujali kasri hata kidogo. Alichotaka ni wale ndege weupe wenye midomo iliyopinda, wanaozunguka chini ya meza wakiokota chipsi. Alikaa akiwaonyesha kwa kidole mpaka chakula cha baba yake kikapoa.

2. Bure ya mtoto haipunguzi gharama yako

Mtoto chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi. Kuanzia miaka 3 hadi 9 analipiwa ya mtoto, ambayo haipishani sana na ya mkubwa, na kuanzia 10 ni mkubwa kamili. Kwenye ndege za kimataifa, aliye chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa kwa nauli ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Hapo ndipo watu wanapopata haraka: "Tumpeleke sasa, ni bure."

Piga hesabu upya. Tiketi ya mtu mzima kwa siku moja inazidi dola 100. Baba na mama wamelipa zote mbili, wamelipa maegesho, wamelipa chakula. Kama nusu ya siku mmoja wao amekaa kivulini akinyonyesha na mwenzake anazungusha kigari ili mtoto alale, kilichotumika vibaya ni tiketi za wakubwa, na hizo hazikuwa za bure. Umri wa kulipiwa usiwe ndio unaokukimbiza.

3. Kadi ya kliniki kabla ya tiketi

Mwishoni mwa 2014 surua ilianzia Disneyland, ile ya California, ikasambaa majimbo kadhaa hadi mwanzoni mwa 2015. Waliougua walizidi 100, na kati yao walikuwamo watoto wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa ulikuwa haujafika. Surua husafiri kwa hewa, na bustani hizi zinapokea watu wa dunia nzima kwa siku moja.

Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Marekani dozi ya kwanza hutolewa kati ya miezi 12 na 15. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa huku hukaa muda mrefu zaidi bila kinga hiyo, isipokuwa anasafiri nje ya nchi, ambapo madaktari wa huku hushauri dozi ya mapema kuanzia miezi 6. Anayekuja na mtoto kutoka nyumbani amwulize muuguzi wa kliniki kabla ya kulipa nauli, maana kinga nayo huchukua kama wiki mbili kujijenga.

Kwa mtoto ambaye hajafika miezi 6 ushauri wangu ni mfupi: ngoja. Hajamaliza chanjo za mwanzo. Ngozi yake haitakiwi jua kali, na madaktari wa watoto hawapendi apakwe mafuta ya kuzuia jua mwili mzima kwa umri huo. Hapewi maji hata akiona joto, ni maziwa tu, na mama anayenyonyesha kwenye joto lile anahitaji kunywa na kupumzika kuliko kawaida. Tena homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu si ya kusikilizia hotelini. Ni ya kukimbilia hospitali.

4. Joto la Florida si joto la Dar

Wageni wangu wa pwani huniambia, "Joto tumelizoea." Wamezoea joto la kwao, ambapo saa saba mchana mtu mwenye akili yuko barazani au chini ya mwembe. Hapa saa saba upo juu ya lami na zege, kwenye foleni, na mtoto kifuani anakuongezea joto lake. Kuanzia Juni hadi Septemba nyuzi 32 na 33 ni kawaida, unyevu ni mwingi, na alasiri radi hupiga karibu kila siku. Radi ikipiga, michezo ya nje hufungwa na watu wote hukimbilia chini ya paa zile zile.

Jambo moja la kina mama wa kwetu nalisema kila mara. Mama yangu alipoona jua limemfikia mjukuu, alivua khanga yake akafunika kigari chote, upande hadi upande, kama tunavyofanya nyumbani. Nilimwomba aingize mkono ndani. Akauingiza, akautoa upesi, na khanga akaivua mwenyewe. "Mwanangu, humu ni tanuri." Nguo inayoziba kigari huzuia hewa, na joto la ndani hupanda haraka kuliko la nje. Tumia kifuniko cha kigari chenyewe, acha pande wazi, na tafuta kivuli cha kweli.

Kama unaweza kuchagua, njoo mwishoni mwa Januari au Februari. Asubuhi utamvisha sweta, lakini mchana mtoto atalala bila kutoka jasho.

5. Mtoto ndiye mwenye ratiba

Mtoto wa miezi minane halali kwa sababu gwaride limeisha. Analala saa yake ikifika, anakula saa yake ikifika, na asipopata atakujulisha wewe na foleni nzima. Familia zinazomaliza siku zikicheka ni zile zilizopanga michezo kuzunguka usingizi.

Kila bustani kati ya zile nne ina kituo cha watoto wachanga, na kitafute kwenye ramani kabla ya kitu kingine chochote. Cha Magic Kingdom kiko pembeni ya mgahawa wa Crystal Palace, unapomaliza barabara kuu na kasri likiwa mbele yako. Ndani kuna ubaridi na utulivu. Kuna vyumba vya kunyonyeshea, meza pana za kubadilishia nepi, viti virefu vya kulishia na mahali pa kupasha chakula moto, na ukiishiwa pampasi wanauza. Hakuna malipo ya kuingia. Nimekutana humo na kina mama wa kila lugha, kila mmoja kimya na mwanawe, na mara nyingi ndiyo saa bora ya siku yangu.

Chakula cha mtoto mnaruhusiwa kuingia nacho. Chupa za glasi zinakatazwa, isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha watoto. Mimi hubeba uji wa ulezi kwenye thermos na sijawahi kuulizwa lolote zaidi ya kufungua mfuko. Kigari nacho kina sheria: kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, na vile vya kukokota vya magurudumu manne kama rukwama haviingii. Kwenye kila mchezo unakiacha nje, kwenye maegesho ya vigari, na wafanyakazi huvipanga upya mnapokuwa ndani. Ukitoka unakuta mamia ya vigari vyeusi vinavyofanana. Kipande cha kitenge cha rangi kali kwenye mpini kitakuokoa.

6. Fimbo ya kupimia haijui siku ya kuzaliwa

Kwa mtoto aliyeanza kutaka michezo yenyewe, umri si kitu. Urefu ndio unaoamua. Magic Kingdom, treni ndogo ya Barnstormer inataka sentimita 89. Seven Dwarfs Mine Train inataka 97, Tiana's Bayou Adventure 102, na Space Mountain 112, sawa na Expedition Everest ya Animal Kingdom.

Sasa fungua kadi ya kliniki. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka 3 ana kama sentimita 95 au 96. Wa miaka 4 ana kama 103, na wa miaka 5 kama 110. Maana yake ni kwamba siku mtoto anapoanza kulipiwa tiketi, akitimiza miaka 3, nusu ya wenzake bado hawafiki kwenye 97. Akifika miaka 4 milango mingi inafunguka. Space Mountain wengi wataingojea hata baada ya miaka 5.

Mpwa wangu alikuja akiwa na miaka mitatu na nusu, nywele zimefungwa fundo juu ya kichwa. Kwenye lango la Seven Dwarfs alisimama kwenye fimbo akachuchumia. Dada wa pale alimtabasamia, akamshusha visigino taratibu, akalibonyeza lile fundo kwa kiganja. Zilipungua sentimita tatu. Alilia mpaka kwenye Dumbo, na aliyemliza ni mjomba wake aliyemwahidi ile treni tangu uwanja wa ndege. Mpime nyumbani ukutani, akiwa na viatu maana ndivyo wanavyopima, na mwambie mapema kipi chake na kipi bado.

Vya wadogo viko vingi tu. Dumbo, "it's a small world", Peter Pan's Flight na Jungle Cruise havina kipimo cha urefu, na hata mtoto wa kupakatwa anapanda. Na wakubwa wasidhani wamefungwa: ukiwa na mtoto asiyefikia kipimo, mwambie mfanyakazi langoni kwamba mnapokezana. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kurudi kupanga foleni ya kawaida upya.

7. Woga wake uheshimu

Mtoto wa miezi sita humkumbatia Mickey bila wasiwasi. Yule yule akifika mwaka mmoja na nusu, lile jitu lenye kichwa kikubwa lisilosema neno linamtia hofu ya kweli, na hapo wazazi huanza kumsukuma mbele kwa ajili ya picha. Msimamieni mbali, mpungieni mkono, muondoke. Vivyo hivyo kwa Pirates of the Caribbean: haina kipimo cha urefu, lakini ni giza, mizinga inapigwa, na mashua huteremka ghafla mara moja. Fataki za usiku zinakuja saa ambayo mtoto mchanga alipaswa kuwa amelala, na mlio wake ni mkubwa mno kwa masikio yake. Ukitaka kuziona naye, mvalishe viziba masikio vya watoto na mkae mbali na kasri. Kama amechoka, ziacheni.

8. Pima wepesi wa kuondoka

Hili ndilo lililonichukua muda kuliona, na ndilo ninalowaambia mawifi zangu kwanza siku hizi. Mtoto ametosha kwenda siku ambayo wewe unaweza kuondoka saa sita mchana bila kinyongo.

Sisi wa Tampa tunaweza kununua pasi ya mwaka ya wakazi wa Florida. Mtoto akiamka na mafua, hatuendi. Akichoka baada ya saa mbili, tunarudi nyumbani na hakuna aliyepoteza kitu. Ndiyo maana tuliweza kuanza mapema. Tulianzia Animal Kingdom, ambako gari unaliegesha karibu na lango. Magic Kingdom si hivyo: unaegesha ng'ambo ya ziwa, kisha unapanda treni ya juu au feri kufika langoni, na kurudi ni safari hiyo hiyo kinyume, na mtoto analia. Ndani ya Animal Kingdom kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao wabunifu wake waliuiga mji wa Lamu, na kutoka hapo linaondoka gari la Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20 kati ya wanyama wa kweli. Halina kipimo cha urefu, ila linarushwarushwa, kwa hiyo mtoto awe ameshakaza shingo vizuri. Mama yangu alizitazama zile kuta za kuchujuka, akamtazama twiga, kisha akanigeukia: "Nauli yote ile nimekuja kuona twiga?" Kwake alikuwa na haki. Mjukuu wake aliyezaliwa Florida alikuwa anamwona twiga kwa mara ya kwanza. Wageni wenye Mikumi na Ngorongoro kwao nawaambia waanze na bustani nyingine.

Familia inayotoka Dar iko kwenye hali tofauti kabisa. Wameweka akiba kwa muda mrefu, wameomba viza, wamevuka saa saba za tofauti ya majira, nane wakati wa baridi. Mtoto mdogo anaamka saa nane za usiku akidhani kumekucha, na ikifika saa tano asubuhi, wakati foleni zimenoga, amekwisha. Hakuna mzazi wa hali hiyo atakayeondoka saa sita kwa moyo mweupe. Atalazimisha, mtoto atalia, na wote watagombana kwenye joto.

Hukumu yangu basi ni hii. Unayeishi karibu, nenda naye akishapita miezi 6 na chanjo zake zikiwa sawa, kwa nusu siku, asubuhi, miezi ya ubaridi. Unayesafiri mbali kwa safari ambayo hujui lini itarudiwa, ngoja afike miaka 4 au 5, apite sentimita 102, aweze kutembea, kusema anataka nini na kukaa mchana bila kulala. Mwenye wakubwa wanaotaka kwenda sasa na mdogo wa kunyonya asiwanyime wakubwa: mwombe bibi, shangazi au mama mdogo aje nanyi, ili awepo mtu mzima wa kurudi hotelini na mtoto bila kuvunja siku ya wengine.

Na wewe uliyeko Dar, Nairobi au Mombasa usiyepanga kuja huku, kipimo ni hicho hicho kwa bustani yoyote ya maji au mabembea iliyo karibu nawe. Kabla ya kukata tiketi usiulize mtoto ana miezi mingapi tu. Uliza pia: akichoka mapema, nitaweza kumrudisha nyumbani nikiwa bado nacheka? Kama jibu ni ndiyo, mfungie mbeleko mwende.